Malalamiko Kuhusu Samaki Aliyepata Tatu kwa Kumi

Ndugu Msimamizi wa Maonyesho,

Kosa wanalofanya wengi wanaoleta wajukuu kwenye ukumbi wenu wa sanaa ya kidijitali ni kuwaacha watoto wachore bila msimamizi. Mimi sikufanya kosa hilo, na ndiyo sababu nawaandikia.

Niruhusuni nieleze utaratibu wenu, ingawa mnaujua. Mtoto huchora samaki, mhudumu huiweka karatasi kwenye mashine ya skana, na papo hapo samaki yule huogelea ukutani, akikimbia kila anapoguswa. Jumamosi nilikuja na mjukuu wangu wa miaka sita, tunayemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, pamoja na kaka yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine yenu haikusoma shule. Watoto walipanga foleni, karatasi mkononi. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na minne; nikiona foleni ya namna hiyo, mkono huenda wenyewe. Nikasahihisha samaki kumi na wanne kwa kalamu nyekundu. Mashine ilipaswa kujua kwamba masahihisho si sehemu ya samaki. Haikujua.

2. Samaki wa Chiriku alikuwa na miguu minne na viatu. Nilimpa tatu kwa kumi, moja ikiwa ya kamba zilizofungwa vizuri. Akaogelea na alama zake ubavuni, mkubwa kama mlango, mbele ya watu wote. Chiriku akauliza, "Babu, mbona anatoka damu?" Nikamweleza kwa utulivu kwamba ile si damu, ni alama. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana alielewa.

3. Samaki niliyemchora mimi, mwenye mapezi yote na majina yake, hakuguswa na mtoto hata mmoja. Alizunguka peke yake akiwa na jina langu, tarehe na maneno "Swali la Kwanza". Kaka yake Chiriku akasema, "Huyo anawahi mtihani." Mlinzi wenu alicheka.

4. Tangu siku hiyo Chiriku haniiti Babu. "Mwalimu, karibu mezani." "Mwalimu, usiku mwema." Jina nililolipenda maisha yangu yote sasa linanikwama kooni kama mwiba.

Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri, ikithibitisha kwamba kosa ni la mashine, nimwonyeshe mtoto.

Nisalimieni mhudumu wa skana, mlinzi, na samaki wote kumi na wanne.

Ni mimi, mwenye masikitiko,
Babu (kwa sasa Mwalimu)

Tanbihi: Nilisahau kusema kwamba kalamu nyekundu haikuwa yenu. Niliingia nayo kwenye mfuko wa shati, na mhudumu alinisihi mara mbili niirudishe mfukoni. Barua hii nimemsomea Chiriku; ameipa mbili kwa kumi. Anasema nitakuwa Babu tena nikichora samaki mwenye viatu, mbele ya watu, naye asahihishe. Tunakuja kesho asubuhi. Tafadhali mwambieni mlinzi leo: anipekue mfuko wa shati.