Kiti cha Dirishani

Jumatatu, tarehe 3

Mke wangu amekufa. Alhamisi, kifua. Tumeshazika. Msimamizi wa ujenzi kanipa wiki nzima nikae nyumbani. Nimekaa. Nyumba haina sauti.

Mchana kaja mwalimu wake wa Kiingereza na mto wa kijani. Marehemu aliushona mwenyewe akaufunga kwenye kiti chake cha dirishani darasani, maana viti vya pale vigumu kama roho ya mwenye nyumba wetu. Nikamuuliza kiti chenyewe je. Akasema atakaa fundi cherehani aliyekuwa anasoma naye, mgongo unamsumbua. Nikamrudishia mto. Nikamwambia aufunge palepale, kesho nakuja mimi.

Jumanne, tarehe 4

Nimemkuta fundi cherehani ameshatanua makalio kitini. Nikamwambia hapo pana mwenyewe. Akaniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwonyesha mto anaoukalia. Akainuka bila kusukumwa.

Mto una kibonde alichokiacha marehemu. Nimekaa polepole.

Somo: mpira na boksi. Mpira uko ndani, uko juu, uko chini, unaingia, unapita katikati. Kila kimoja na kineno chake. Sisi tukisema "mezani" tumemaliza, mtu akaangalie mwenyewe. Sikushika hata kimoja. Sikuja kwa ajili ya hicho.

Jumatano, tarehe 5

Balaa. Ijumaa mtihani. Anayefaulu anahamia chumba cha ghorofani, kiti kinabaki. Fundi cherehani kaniombea kheri. Hata kalamu kanipa, mnafiki yule.

Nimeamua kufeli. Hilo nina uzoefu nalo, shule niliiacha darasa la tatu.

Alhamisi, tarehe 6

Hata kufeli kunataka mazoezi. Shemeji, mdogo wa marehemu, kanikuta nimekaa chini ya meza na sufuria. Nikamwambia nasoma. Akalia. Akasema dada yake alikuwa anasomea hapohapo, sufuria juu, sufuria chini, anajisemesha peke yake.

Kumbe. Mimi kila nikikuta sufuria chini ya meza nilidhani ananificha nyama.

Ijumaa, tarehe 7

Mtihani wa vitendo. Mwalimu anasema, wewe unafanya. Mpango wangu: kinachonijia kwanza naacha, nafanya kingine. Akasema kitu. Nikaona anataka mpira juu ya boksi, nikautia ndani. Vizuri, baba. Akasema tena. Nikadhani nitoke mlangoni, nikalizunguka boksi. Vizuri sana, baba.

Nimefaulu yote. Nikamwomba anifelishe. Akacheka, akasema mzee una unyenyekevu. Fundi cherehani kapiga makofi mpaka kofia ikamwanguka.

Jumapili, tarehe 9

Leo darasa tupu. Nimekwenda kukihamisha kiti. Fundi cherehani yupo, kaja kukiwahi. Tukatazamana. Akatazama mto, akatazama ngazi ilivyo nyembamba. Akasema haya mzee, shika mgongo, mimi nashika miguu. Kwenye kona akaniuliza kwa Kiingereza, nadhani kiti kinakwenda wapi. Nikamjibu "anda". Akacheka karibu atuangushe wote, akasema chini ndiko tulikotoka.

Tumekiweka dirishani, kama chini. Mto nimeukaza kamba. Fundi nitamtafutia mbao nimpigilie kiti cha mgongo wake.

Akaniambia huku juu nako kuna mtihani, anayefaulu anatoka kabisa. Hakuna shida. Nitafeli. Nimeshaona nilipokosea: safari hii nafanya kile kinachonijia kwanza.

Kesho narudi kazini.