Matroni Wetu Arudishwe kwenye Filamu Kabla ya Jumatano

Bweni la Pili, kitanda cha juu karibu na dirisha,
Shule ya Wasichana (jina nimelificha nisijulikane),
Nje kidogo ya Songea, njia ya kwenda Peramiho.
Jumamosi, baada ya kufua.

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa burudani,

YAH: KURUDISHWA HARAKA KWA MWIGIZAJI NOTBURGA HYERA

Ndugu Mhariri, pokea heshima zangu pamoja na wote mnaokaa nao hapo mkitafuta maneno. Huku sisi ni wazima, tatizo ni baridi tu, na uzima wenyewe, kama nitakavyoeleza.

Tangazo lenu nimelisoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Mmeuliza wasomaji: ni mwigizaji gani aliyepotea kwenye filamu ambaye anastahili kurudi? Mmesema majibu yasizidi maneno mia moja. Tarehe ya mwisho siijui kwa sababu ilikuwa upande wenye mafuta. Naomba radhi kwa yote mawili.

Mwigizaji wangu ni Notburga Hyera. Mtamkumbuka kwa sura kuliko jina, maana ndiye yule mke mgonjwa. Alicheza filamu kumi na moja, akaugua katika zote, na katika tisa akafa. Alikufa kwa sumu ya wifi, kwa presha, kwa kusukumwa ngazini, kwa uchungu wa kuachwa, na mara moja kwa kuumwa na nyoka ambaye kila mtu aliona ni mpira wa kumwagilia. Sote tunajua stelingi hafi. Yeye alikuwa stelingi na alikufa, na tulimwamini. Kina mama wa sokoni hapa mjini walikuwa wakimsalimia, "Shikamoo, Marehemu," naye anaitikia marahaba bila kinyongo.

Halafu, miaka saba iliyopita, akatoweka kwenye filamu. Sababu hakuna anayeijua. Mimi sijamuuliza, kwa kuwa kuuliza kunahitaji kuongea.

Ndugu Mhariri, hakupotea mbali. Ni matroni wa bweni letu. Ndiye anayetazama wagonjwa, na ndiye anayeandika kile kikaratasi cha kumruhusu mwanafunzi apumzike, ambacho sisi tunakiita ED.

Kwa unyenyekevu naomba gazeti lako lifanye kila linalowezekana arudishwe kwenye filamu, ikiwezekana kabla ya Jumatano saa nane mchana. Jumatano hiyo mimi natakiwa kusimama mbele ya shule nzima na kuongea, na yeye ndiye aliyesababisha. Nimeona niseme mapema. Sijazoea kuficha mambo, nimezoea tu kutoyasema.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Taifa limekosa mgonjwa. Waigizaji wa siku hizi wanaugua wakiwa na kope za kubandika. Likizo iliyopita nilitazama filamu kwenye simu ya shangazi, mgonjwa yuko chumba cha mahututi, hajitambui, lakini anatafuna jojo. Notburga alikuwa akiumwa hadi wewe mtazamaji unajipima homa. Bibi yangu wa Ruhuwiko alipomwona anakufa mara ya nne, alijifunga kanga kiunoni, akazima jiko, akatangaza kwamba siku ile hakuna kula. Baada ya miezi miwili akamkuta kanisani, mzima, anaimba sauti ya pili. Bibi hakungoja hata baraka ya mwisho. Alimsubiri mlangoni.

"Wewe mwanamke! Nimekulilia siku mbili!"

"Pole, mama. Shikamoo."

"Marahaba ya nini? Nirudishie machozi yangu!"

Mengine aliyasema kwa Kingoni na sitayaandika. Ninachotaka kusema ni kwamba Bibi sasa hana wa kumlilia. Inabidi alilie watu wa kweli, na hao lazima uende msibani ukawapikie wageni wao.

2. Kipaji cha taifa kinatumika dhidi ya watoto wa taifa. Bwenini tuna msichana anaitwa Zulfa, ametoka Tunduru, na kabla ya mwaka huu ndiye alikuwa mgonjwa wetu bora. Mwezi wa pili alilala na kitunguu kwapani ili aamke na homa, kwa sababu siku ile kulikuwa na jaribio la hesabu. Mimi nilikuwepo nikisubiri barua yangu ipigwe mhuri, na niliona kwa macho yangu. Zulfa aliingia analia, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Matroni hakuinuka.

"Toka, uingie tena."

"Niingie tena kufanya nini, Matroni?"

"Kuugua. Umeingia na kilio kimeshaiva. Mgonjwa anakipata akishakaa. Na hicho kichwa mbona umekibeba kama ndoo? Mimi nimekufa mara tisa, mwanangu, na hata siku moja sikubeba kichwa hivyo."

Zulfa aliugua mara tatu asubuhi ile. Baada ya mara ya tatu akasema, "Wallahi, Matroni, hii ya sasa ni ya kweli."

"Ndiyo mbaya kuliko zote. Kapige deki, na hicho kitunguu kipeleke jikoni."

Tangu siku hiyo bweni zima ni wazima. Ndugu Mhariri, huwezi kujua madhara yake mpaka ukae humu. Darasa limejaa. Ukikosea hesabu ubaoni, unakosea mbele ya watu wote hamsini na wawili. Zamani ulikuwa unakosea mbele ya thelathini.

3. Ubaguzi wa lugha. Shuleni kwetu Kiswahili hakiruhusiwi kuanzia getini hadi jikoni. Ukikamatwa unavishwa kibao cha mbao shingoni, unatembea nacho hadi umkamate mwingine. Lakini chumbani kwa matroni Kiswahili kinaruhusiwa, kwa sababu amesema ugonjwa unaoelezwa kwa lugha ya kuazima yeye hautibu. Matokeo yake kuna foleni ya wasichana ambao hawaumwi popote. Anawauliza, "Wewe una nini?" Wanajibu, "Sina kitu, Matroni, nimekuja kuongea." Anawaambia, "Haya kaa, dakika tano." Wanaongea! Wanacheka mpaka kengele inagonga! Je, sisi ambao hatuna la kusema tunafaidika na nini? Mimi shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nasoma kwa Kiingereza, na nyumbani Bibi ananigombeza kwa Kingoni. Katika zote hizo nanyamaza kwa ufasaha. Matroni mwadilifu angefunga hicho chumba, ili wote tuwe kimya kwa usawa.

4. Jumatano. Hapa naomba usisome kwa sauti.

Kila Jumatano saa nane mchana tunakuwa na mdahalo bwaloni, kwa Kiingereza, shule nzima. Nilipokuwa kidato cha kwanza, wiki ya tatu, nilitakiwa kusimama na kuchangia. Nilisimama. Nilikuwa nimekariri sentensi nne nzuri. Sikutoa hata moja. Nilitazama dirisha, dirisha likanitazama, wakaanza kucheka kuanzia nyuma kuja mbele, na mwenyekiti akasema, "Thank you." Nilishukuriwa bila kusema kitu, Ndugu Mhariri. Nadhani ingekuwa nafuu wangenizomea.

Tangu hapo kila Jumatano naumwa tumbo. Sisemi kwamba ni uongo. Linauma kweli, ila linaanza saa saba na nusu na kupona saa kumi, mdahalo ukiisha. Nimefanya hivyo Jumatano sabini na mbili, na zote matroni huyuhuyu ameniandikia ED bila swali hata moja. Unaweza kufikiria fahari niliyokuwa nayo. Zulfa kashindwa na kitunguu chake, mimi nimempita mtu aliyekufa mara tisa! Kitandani usiku nilikuwa nawaza kwamba labda mimi pia nitakuwa mwigizaji, wa filamu ambazo hazina maneno.

Jumatano iliyopita nilikwenda kama kawaida. Nilikaa kwanza, sikuingia na kilio. Alinitazama, akafunika kalamu.

"Jovina, filamu hii nimeitazama mara sabini na mbili. Leo nimechoka na mwisho wake."

Akakirudisha kitabu cha ED kwenye droo.

"Jumatano ijayo utasimama. Jina lako nimeshampa mwenyekiti. Mzungumzaji wa kwanza."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Miaka miwili na nusu amekuwa mtazamaji tu. Hili ndilo linaloniuma, na hili halitaacha kuniuma saa kumi.

5. Hatari kwa nchi. Nikisimama Jumatano nitazimia. Nikizimia nitapelekwa hospitali. Daktari atanipima na hataona ugonjwa, kwa sababu aliyezoea kuuona ni matroni, na matroni hatasema. Daktari ataanza kutilia shaka vipimo. Akitilia shaka vipimo, wagonjwa wengine hawatapewa dawa. Wagonjwa wa kweli watakosa imani, watabaki majumbani, na tumbaku ya Namtumbo na korosho za Tunduru zitakosa wa kuzivuna. Haya yote kwa sababu mwanamke mmoja aliacha filamu. Sidhani kama serikali imewahi kulitazama suala la wasanii kwa upande huu.

Pendekezo langu ni jepesi. Atafutiwe filamu ya haraka ambamo anakufa mara ya kumi, iwe namba kamili. Akipanda basi la alfajiri Jumatatu, usiku yuko Dar es Salaam, Jumanne anaumwa, Jumatano saa nane mchana yuko kwenye jeneza zuri mbele ya kamera na mimi niko kitandani kwangu. Kwetu tuletewe matroni wa kawaida, ambaye hajawahi kufa hata mara moja. Naambatanisha sahihi za wasichana sitini na mmoja wa bweni letu. Zulfa amesaini mara mbili, kwa mkono wa mzima na kwa mkono wa mgonjwa.

Nifikishie salamu kwa wapiga picha, mchora katuni, anayepanga mafumbo ya maneno, dereva anayeleta magazeti huku kusini, na yeyote atakayefungua bahasha hii hata kama hahusiki.

Ni mimi msomaji wako mtiifu wa vipande,

Jovina Luambano,
Kidato cha Tatu B.

Nyongeza, Alhamisi.

Ndugu Mhariri, barua hii ilitakiwa iondoke Jumatatu. Barua zote za bweni hupitia kwa matroni, na nilijua kwamba kwa desturi hutazama mstari wa kwanza na wa mwisho tu. Hii aliisoma yote. Alinirudishia Jumanne ikiwa na mhuri wa IMEPITISHWA, na pembeni amesahihisha kwa kalamu nyekundu: filamu zilikuwa kumi na mbili.

Jioni hiyohiyo hoja ya mdahalo ikabandikwa ubaoni. Ilisema kwamba waigizaji waliopotea kwenye filamu warudishwe. Upande wa kupinga, mzungumzaji wa kwanza: Jovina Luambano.

Nilikwenda chumbani kwake na kusimama mlangoni.

"Siumwi, Matroni."

"Najua. Kaa."

Ilibidi nimuulize, maana nitapingaje wakati sina hata hoja moja? Nikamuuliza kwa nini aliacha. Akaniambia kwamba mama yake aliugua, akamuuguza hospitalini Peramiho miezi minne. Akasema, "Mama hakulia hata siku moja. Alikuwa akigeuza uso ukutani, halafu ananiuliza kama nimekula. Nikaona kumbe miaka yote ile nilikuwa nadanganya vibaya. Waliponiita tena nilikwenda, nikalazwa kwenye kitanda chao, wakasema anza. Nikashindwa. Nikainuka, nikarudi nyumbani."

Halafu akasema, "Wewe hukuwahi kulia hapa. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia."

Jana saa nane mchana nilisimama. Nilitazama dirisha mpaka mwenyekiti akafungua mdomo kunishukuru, nikamwahi. Nilisema kwa Kiingereza yale aliyoniambia kwa Kiswahili. Jina lake sikulitaja, lakini walijua. Sikulipata neno la kuuguza, nikalisema kama lilivyo kwa Kiswahili, na mwalimu msimamizi hakuinuka kunivisha kibao. Zulfa alikuwa upande wa kuunga mkono hoja. Alilia vizuri sana, nadhani ni mara yake bora, lakini kura zilikuwa mia mbili na kumi na mbili kwetu, mia na arobaini kwao. Kwa hiyo malalamiko yangu matano unayoyaona hapo juu nimeyavunja mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Naomba barua hii isichapishwe, na Notburga Hyera asirudishwe popote. Kama gazeti limeshachapwa kabla hamjasoma mpaka hapa, nijulishe, nitakuja mpaka ofisini kwenu niipinge kwa mdomo wangu mbele ya wote mtakaokuwepo. Nipangieni siku yoyote mnayoona inafaa, isipokuwa Jumatano. Jumatano saa nane nina mdahalo.