Salamu Iliyoniponza Uwanja wa Gofu

Leo nimeaibika, jamani. Nasema mwenyewe kabla Neema hajaniwahi kuwasimulia.

Mnajua nataka kumuoa. Baba yake, Mzee Kalinga, amestaafu kazi ya chai huko Mufindi, na siku hizi kazi yake ni gofu. Nilipoomba kuleta barua ya posa, akasema: "Njoo kwanza uwanjani. Piga mipira mitatu, yote iende kulekule. Mtu asiyeweza kurudia jambo vilevile, binti yangu simpi."

Haya! Mimi muuza vipuri vya bodaboda, gofu nitaijulia wapi? Wiki nzima nimejifunzia nje ya nyumba, Mlandege, kwa fyekeo (fimbo za gofu sina). Kichwa chini, mabega yazunguke, usikimbilie. Kila anayepita: "Kamwene! Pole na kazi!" Naitikia, napunga mkono, naendelea. Iringa hii usipoitikia salamu utatangazwa mpaka kanisani kwamba una dharau.

Leo asubuhi, uwanjani kando ya mashamba ya chai, Mzee akaniazima fimbo yake anayoipenda (hata mkewe haruhusiwi kuifuta vumbi). Mpira wa kwanza, katikati! Wa pili, kulekule! Mzee akaguna, "Mmh." Neema akanikonyeza. Kichwani nilishaanza kuchagua suti.

Wa tatu. Fimbo imeshapanda juu, ndiyo inaanza kushuka, wachuma chai wakatokea njiani.

"Kamwene!"

Jamani, sikuamua mimi. Mdomo ukaitikia, "Kamwene, mama!" Mkono wa kulia ukapunga. Wa kushoto peke yake haukuiweza fimbo. Ikachomoka, ikazunguka hewani, ikanasa juu ya mkaratusi. Mpira haukutikisika hata kidogo.

Kisha wale kina mama, kwa heshima zote: "Pole na kazi, baba."

NIKAITIKIA TENA! "Asante, nishapoa!" (Hivi nina akili kweli?)

Mzee akatazama juu, kisha akanitazama mimi. "Wewe ukisalimiwa unaendesha gari, unaachia usukani?"

"Hapana, baba."

"Basi mambo ya posa tutaongea fimbo ikishuka."

Tumerusha mawe mpaka mabega yanauma. Haishuki. Na kila anayepita anasimama kutusalimia!

Ndoa yangu iko juu ya mkaratusi. Anayetaka kucheka, aje na ngazi kwanza.