Talbrook, Grandison na Dirisha la Bwana Mukesh

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Nimepita mbele ya duka la Bwana Mukesh mara nne. Mara ya nne nilijifanya nimeangusha kalamu. Akoth, msichana anayeuza humo dukani, alikuwa amepiga magoti ndani ya dirisha, kati ya redio na cherehani, akibadilisha kadi ya bei ya mashine ya kupigia hesabu, ile ndogo inayoenea kiganjani. Bei ya zamani, shilingi 980. Bei mpya, 890. Aliishika kadi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika kipepeo na hataki kumuumiza.

Kadi za zamani hazitupi. Nyuma yake huandika kwa penseli kila kitu anachotaka kumwambia mtu: chai na sukari za kununua, jina la mteja, ujumbe kwa fundi. Huziweka kwenye droo. Nimezijua tabia zake zote, na bado hajui sauti yangu.

Nimerudi kwa shangazi nikamwandikia Akoth barua. Ya kumi na nne. Nimeiweka kwenye sanduku la bati pamoja na zile kumi na tatu. Sina haraka. Baba yangu kule Rongai hauzi mahindi Desemba kila mtu anapouza. Huyafungia ghalani mpaka Mei, bei ipande. Mimi ni mtoto wa baba yangu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekamatwa dirishani. Bwana Mukesh alitoka nje na kikombe cha chai, akaniuliza, "Wewe kila siku nasimama hapa. Iko taka nunua, ama iko taka iba?"

Nikasema napenda hesabu. Jambo la kwanza lililonijia mdomoni. Dalmas, golikipa wa shule yetu, alikuwa ndani akinunua betri. Akacheka mpaka redio zikatetemeka. Akasema, "Huyu tunamwita profesa." Akaongeza kwamba hata yeye anapenda hesabu. Uongo. Dalmas huhesabu mabao tu, na yale aliyofungwa hayahesabu.

Bwana Mukesh akatutazama kwa zamu, kisha akatuita ndani. Akaeleza. Akili ya mashine hizi ni kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, kinaitwa chipu. Kuna mashine za aina mbili. Moja ina chipu ya kampuni ndogo ya Amerika, Talbrook, na ni rahisi. Nyingine ina chipu ya Grandison, kampuni kubwa, na ni ghali. Anataka kuagiza mashine mia moja za aina moja, awauzie vyama vya ushirika na mashule. Hofu yake ni kampuni kufa. Ikifa, hakuna spea. Mpaka leo watu wanamletea cherehani za kampuni iliyokufa mwaka wa sitini na sita, na kumtukana kwa lugha sita.

Mpwa wake aliyeko Amerika amemletea ripoti za mwaka za kampuni zote mbili. Maandishi madogo, macho yake mazee. Kila mmoja wetu asome, kisha aseme ni kampuni gani yenye afya. Atakayesema vizuri atapewa kazi likizo ya Desemba, kaunta ya mashine za hesabu.

Kaunta hiyo iko kando ya Akoth. Nimeipima kwa macho. Futi mbili.

Jumamosi, 14 Septemba

Maktaba tangu asubuhi, mimi na kamusi.

Grandison inauza mara tisa ya Talbrook. Ina madeni makubwa pia, na faida yake imepungua kidogo. Talbrook haina deni la kutisha, na faida yake imepanda. Fedha taslimu zimebaki kiduchu, hilo nimeliona. Lakini chini kidogo nikakuta mstari ulionifurahisha: bidhaa zilizo ghalani. Zimekuwa mara tatu ya mwaka jana! Katika kila shilingi kumi za mali ya Talbrook, sita ni chipu zilizolala ghalani zikingoja.

Nikafunga kamusi. Hii ni kampuni yenye busara. Baba naye Machi na Aprili hana hata senti na sisi tunakula maboga, lakini ghala limejaa, na Mei anacheka peke yake.

Zaidi ya hayo, Talbrook ni ndogo, kimya, na hakuna anayeitazama. Naijua hali hiyo.

Dalmas alipita kuazima rula. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema amemaliza. Grandison wamepiga picha ya wafanyakazi mia tatu mbele ya kiwanda. Talbrook wamepiga picha ya mkurugenzi na mbwa wake.

Ijumaa, 20 Septemba

Bei dirishani: 795. Leo alitumia mkono wa kushoto. Ana alama ya wino kwenye kidole gumba.

Nimebuni mpango wa kumtia Dalmas hofu. Baada ya gwaride nilimwambia, kirafiki, kwamba Grandison ina deni la mamilioni, na angekuwa ndugu yangu ningemshauri aikimbie. Dalmas alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akanishukuru, akanipiga mgongoni, akasema hakujua. Mtu wa kukopeshwa kiasi hicho lazima awe anaaminiwa sana. Ataliweka kwenye ripoti yake.

Mgongo bado unauma. Barua ya kumi na sita imehusu mgongo kwa sehemu.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku yenyewe. Shati langu alilipiga pasi shangazi.

Dalmas alisema kwa dakika moja. Grandison ni kubwa, watu wanaikopesha, ina wafanyakazi wengi, na wafanyakazi wengi hawawezi kufa wote pamoja. Akakaa.

Mimi nilisoma kurasa kumi na moja. Bwana Mukesh alikunywa chai, akaongeza nyingine. Nilipofika penye ghala nilipaza sauti kidogo, kwa sababu Akoth alikuwa ameacha kupanga betri na kunisikiliza. Nikasema Talbrook ina akiba ya chipu kuliko wakati wowote. Nikasema chipu hazina fukusi wala haziliwi na panya. Nikasema itangoja, kama mkulima hodari angojavyo Mei.

Akoth akafungua droo. Akatoa kadi tatu za zamani, akazipanga juu ya kaunta kama karata: 980, 890, 795. Kisha akaweka ya nne, mpya, ambayo wino wake haujakauka: 650.

Akaniuliza chipu zile za ghalani zimehesabiwa kwa bei ipi. Nikatazama ripoti. Nikasema kwa bei ya wakati zilipotengenezwa, mwaka jana.

"Basi ghala lao limeshaliwa," akasema. "Mahindi hungoja Mei kwa sababu Mei watu wana njaa. Hizi, kila mwezi inatoka mpya nzuri zaidi, na ya zamani hakuna anayeitaka."

Bwana Mukesh akapiga meza. Akasema huyu msichana ndiye ana macho, sisi wawili tuna miwani tu. Ataagiza za Grandison.

Akoth alikuwa bado ananitazama. Akasema polepole, "Kitu kizuri kikikaa sana ghalani, Kiplangat, kinapitwa na wakati. Si kosa la kitu. Ni kosa la aliyekificha."

Alinitazama kwa muda mrefu baada ya kusema hivyo. Nadhani aliihurumia sana Talbrook. Ana moyo mwema. Na jina langu analijua!

Kazi amepewa Dalmas. Anaweza kubeba cherehani mbili kwa mara moja.

Nilipofika nyumbani nilifungua shajara hii. Bei zote zimo humu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Niliziandika kwa ajili ya vidole vya Akoth.

Jumatano, 9 Oktoba

Baba yake Akoth, karani wa reli, amehamishiwa Kisumu. Wanaondoka Jumamosi. Dalmas ndiye aliyenipa habari, akitafuna muwa.

Nikabuni mpango mkubwa kuliko yote. Nikachukua sanduku la bati lenye barua kumi na nane, nikaenda nalo dukani nimpe lote. Nilifika mpaka kwenye kaunta. Akoth akauliza nimeleta nini. Bwana Mukesh akauliza kama kifuniko kinahitaji kupigwa lehemu. Nikasema ndiyo. Fundi akalipiga lehemu, kazi safi kabisa. Nimelipia senti hamsini na kurudi nalo.

Lakini nimeacha nafasi ya kupenyeza karatasi pembeni. Sikukosa busara kabisa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Stesheni. Dalmas alibeba mizigo yao yote, hata ya abiria wengine. Mimi nilibeba kuku mmoja.

Gari moshi lilipopiga filimbi, Akoth aliinama dirishani, kama alivyokuwa akiinama kwenye dirisha la duka, akanipa kadi ya bei. Ile ya kwanza kabisa, ya 980. Akasema, "Usiipoteze. Isome vizuri."

Nimeisoma. Mia tisa na themanini. Ilikuwa bei ya juu kuliko zote, kabla mambo hayajaharibika, na nadhani alitaka niikumbuke siku ile. Nyuma kuna penseli, mistari mitatu hivi, orodha ya chai na sukari bila shaka. Sikuiangalia. Kusoma mambo ya ununuzi wa watu ni utovu wa adabu.

Nimeibandika hapa, kwenye ukurasa huu, namba ikiwa juu. Nimepaka gundi nyuma yote, mpaka pembeni, isije ikabanduka maisha yangu yote.

Kisha nikaandika barua ya kumi na tisa. Ndiyo bora kuliko zote. Hii nitaituma, nimeapa. Nimenunua bahasha na stempu. Kinachokosekana ni anwani yake tu, na Kisumu ni mji mkubwa. Nimeipenyeza ndani ya sanduku kwa sasa.

Itangoja. Mei haiko mbali.