Okidi za Mzee Sifaeli

Jumatatu, 10 Februari 2025
Mvua tangu asubuhi. Kwenye kitalu changu cha maua wateja hakuna. Ng'ambo ya barabara, kitalu cha Faraji kimejaa magari. Ametundika vikapu vya maua ya fushia langoni na watu wa Uyole wanapiga navyo picha kama maharusi. Nitamwonyesha.

Alasiri alikuja mama mmoja kutoka Iringa, jina lake Bibie, anayejenga nyumba ya wageni. Anataka maua ambayo Iringa nzima hakuna mwenye nayo. Alisema waridi zangu ni kama za kila mtu. Nikamwambia maua hayo ninayo, yako shambani, arudi mwisho wa mwezi. Shamba sina.

Jumatano, 12 Februari
Nimepanda mlimani, Iziwa, kwa Mzee Sifaeli, anayeniuzia mboji. Juu ya shamba lake kuna uzio wa miti, na ndani yake okidi za mwituni, rangi ya chungwa, zimesimama kwenye nyasi kama mishumaa. Kwingine mlimani zimekwisha. Palipokuwa na okidi wamelima viazi, na zilizosalia watu wamechimba mizizi wakauza iliwe. Hizi alizilinda na marehemu mkewe Marta tangu binti yao akiwa shule ya msingi. Huacha mbegu zikomae, upepo uzisambaze. Hachimbi hata moja. Anasema zikihamishwa zinakufa.

Mzee ana mtoto wa jicho. Kesho anakwenda kupasuliwa, kisha atapumzika mjini kwa binti yake, Joyness. Akaniomba niwe napita kuzitazama, maana hana jirani wa kumwamini. Nilimshika mkono nikamwambia aende kwa amani. Mungu hufungua milango.

Ijumaa, 14 Februari
Nilimuaga mke wangu Naima kwamba naenda msikitini. Nikaenda Iziwa na jembe. Nilikusudia kuchukua chache. Lakini ukichukua chache, pengo linaonekana. Ukichukua zote, hakuna pengo. Nimechukua zote.

Mvua imeninyeshea njia nzima. Nimeihesabu baraka.

Jumatatu, 17 Februari
Okidi zimeinamisha vichwa kwenye makopo. Nimezitia samadi ya kuku. Zimeinama zaidi. Nimeongeza samadi. Naima aliuliza zimetoka wapi, nikasema kwa rafiki. Akauliza ni rafiki gani huyo mwenye moyo wa kutoa hivyo. Sikuipenda sauti yake. Faraji naye alipita akachungulia, akanipa pole ya msiba. Mtu wa hovyo.

Alhamisi, 20 Februari
Zimeoza. Ukigusa shina linabaki mkononi. Zote.

Joyness amepiga simu. Upasuaji umekwenda vizuri, mzee anarudi Jumapili. Nimefikiri sana. Mzee amezoea kuona ukungu wa rangi ya chungwa. Nami nina zinia, maua ya kawaida ya bustani, za rangi hiyohiyo zilizokosa wateja. Nimezipandisha Iziwa kwa bodaboda na kuzipanda ndani ya uzio, kwa mstari ulionyooka. Ukiwa mbali huwezi kujua.

Jumapili, 23 Februari
Nilikwenda kumpokea, nionekane mwaminifu. Joyness alitaka baba yake alale kwanza, mzee akakataa. Alisema miaka hii ya mwisho amezilinda kwa kupapasa, leo anataka kuziona. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu hupasuliwa macho ili aone.

Akaingia ndani ya uzio, akapiga magoti. Akashika zinia moja, akaitazama mbele na nyuma. Nikamweleza kuwa huenda baridi imezibadilisha umbo.

"Mrisho, mwanangu," akasema, "macho yangu yamepona."

Machozi yakaanza kumtoka, na Joyness akawa anamsihi asilie, daktari amekataza, kidonda bado kibichi. Mzee hakunyamaza. Mimi nikashuka mlima. Hakuna aliyeniaga.

Alhamisi, 27 Februari
Bibie amekuja. Nilimwonyesha zinia zilizobaki, nimezipa jina jipya. Akacheka, akavuka barabara, akajaza gari fushia za Faraji.

Naima amesikia habari yote sokoni. Ananitengea chakula, yeye anakwenda kula jikoni. Jioni kijana wa bodaboda kaniambia Mzee Sifaeli ameng'oa uzio mwenyewe, amewaachia majirani pale palimwe viazi. Naona amefanya haraka. Mtu mzima hakati tamaa hivyo kwa ajili ya majani.

Jumapili, 2 Machi
Nimekaa nikajichunguza kwa haki, na kosa nimeliona. Ni samadi. Ya kuku ni kali mno, ilitakiwa ya ng'ombe.

Leo amepita hapa fundi mmoja wa Mgololo. Anasema bondeni kwao kuna maua ya buluu ambayo hajayaona kwingine. Anayatunza mama mjane, Atuganile, ambaye sasa miguu imevimba hata bondeni hashuki. Nimeuliza vizuri kuhusu hiyo miguu. Haiponi leo wala kesho.

Naondoka na basi la asubuhi. Nitamwambia asihangaike, mimi nitakuwa nashuka kumwangalizia.