Hu- ya Kifaransa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeghadhibika kabla hata ya chai ya saa nne. Meneja alituita na kutangaza kuwa kampuni, ambayo kwa masikitiko yangu huuza tanuri za mikate na si kitu chenye heshima zaidi, imeanzisha cheo kipya: Ofisa wa Wateja wa Kifaransa. Bibi Mkurugenzi atakuja kutoka kiwandani Ijumaa ya wiki ijayo kuzungumza na wanaokitaka. Atakayekipata ataaga kitengo cha vipuri, ambako mimi, mwenye shahada ya utawala wa biashara, hujibu watu wanaouliza kwa nini mlango wa tanuri yao haufungi.

Nikanyoosha mkono. Manukato naye akanyoosha. (Ni mwenzangu wa meza ya mbele. Namwita hivyo kwa sababu harufu yake huingia ofisini kwanza, yeye hufuata.) Nilimhakikishia Meneja kuwa Kifaransa changu ni cha kuridhisha. Najua "bonjour" na "merci". Nimeridhika navyo.

Shangazi, ninayekaa kwake, ameshautangazia ukoo mzima kwa simu. Kufikia jioni binamu zangu walikuwa wakiniita Musyu, yaani Bwana kwa Kifaransa. Sasa nikikikosa hicho cheo, nitakuwa Musyu wa vipuri hadi nizeeke.

Jumanne, 4 Machi

Nimejiandikisha kwa mwalimu mstaafu anayefundisha Kifaransa jioni, katika chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani. Nilipokuwa ngazini harufu ilinijulisha nani amekaa kiti cha mbele.

Somo lilikuwa la wakati uliopo. Manukato akasema "je travaille", nafanya kazi, na mwalimu akatabasamu kama babu aliyemwona mjukuu akipiga hatua. Zamu yangu ilipofika, nilikohoa hadi nikarukwa.

Nimekata shauri. Wakati uliopo ni wa watoto wadogo. Alhamisi mwalimu atafundisha kitu kinachoitwa imparfait, na uso wake ulipolitaja neno hilo ulionyesha kuwa si mzaha. Nitaingia na hiyo imparfait. Bibi Mkurugenzi atajua anazungumza na msomi.

Ila Manukato asiisikie.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilimdokezea Manukato, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kuwa somo la leo limehamishiwa Jumamosi. Akanishukuru. Akanipa na pipi. Nimeimumunya kwa hasira.

Imparfait ni uhuni mtupu! Ukitaka kusema habari zako mwenyewe, huruhusiwi kuanzia kwako. Lazima kwanza ubishe hodi kwa "nous", yaani sisi: "nous travaillons". Hapo unakata mkia, "-ons". Kinachobaki unakishonea kiraka, "-ais", ndipo upate "je travaillais". Nikauliza kwa nini nikitaka kujisemea mimi niende kuomba ruhusa kwa sisi. Mwalimu akasema ndivyo ilivyo. Kisha akaandika viishio: "-ais", "-ait", "-aient". Vyote hutamkwa "e". Herufi tano zinaingia, sauti moja inatoka! Nyingine zimekwenda wapi? Nani anawajibika? Halafu eti "être", kuwa, haifuati kanuni: "j'étais". Kwani yeye mtoto wa nani?

Mwishoni mwalimu akaeleza matumizi. Alisema imparfait hueleza mazoea, mambo ambayo mtu... na hapo fundi wa chini akawasha cherehani lake. Sakafu ikatetemeka. Midomo ya mwalimu ikaendelea kucheza bila sauti. Fundi alipotulia, mwalimu alikuwa akifuta ubao na kuuliza kama tumeelewa. Mwenye shahada haulizi mara ya pili. Niliitikia kwa kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Ufunuo! Mazoea! Lugha yetu ina "hu-" kwa kazi hiyohiyo. Mimi huwahi kazini. Mimi hupenda kazi yangu. Basi imparfait ni hu- ya Kifaransa. Mwalimu angeisema kwa neno moja akatuepusha na adha yote ile.

Nikamfafanulia shangazi, aliyekuwa akikunja nguo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hu yako naijua, baba," akasema. "Huoshi, hufagii, huamki."

Nikamweleza kwa heshima kuwa hiyo ni hu ya kukanusha, jambo tofauti kabisa kisarufi. Akajibu kwamba kisarufi sawa, ila vyombo viko palepale. Nimeviosha kwa ghadhabu. Kikombe kimoja hakiko tena nasi. Kilikuwa chake.

Jumanne, 11 Machi

Manukato alikwenda Jumamosi akakuta kufuli. Nilisema huenda mwalimu amebadili tena, wazee ndivyo walivyo. Jioni mwalimu akauliza kama kuna aliyebaki na swali kuhusu imparfait. Manukato, ambaye hakujua imparfait ni mnyama gani, akaomba turudie wakati uliopo. Nikainuka na kuondoka. Sikusomea chuo kikuu nije kurudishwa chekechea.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi. 

Manukato alitangulia. Kupitia mlango nilisikia "je travaille", "j'aime", "je reste". Uliopo, uliopo, uliopo. Nilimwonea huruma, kidogo.

Nikaingia. Tai mpya. Bibi Mkurugenzi akanikaribisha kiti, nami nikayamwaga yote bila kukwama: "J'arrivais tôt. J'aimais mon travail. Je respectais mon chef. Nous étions une famille." Mimi huwahi. Hupenda kazi yangu. Humheshimu mkuu wangu. Sisi huwa familia moja.

Alivyoguswa! Aliweka kalamu chini. Macho yakamlainika. Akauliza taratibu, "Et maintenant?" Neno hilo nalijua, ni "na sasa". Nikaelewa anataka kujua kama sasa nimemaliza hotuba yangu. Nikasimama, nikainama kidogo, nikajibu, "Maintenant, c'est fini." Sasa imekwisha.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Manukato hakushikwa hata kwa mmoja. Nimemwambia shangazi atafute picha yangu iliyo nzuri zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Sijawahi kudhulumiwa namna hii.

Meneja aliniita, akafunga mlango, akanikalisha kwa upole wa msibani.

"Bibi Mkurugenzi anasema hajapata kuona mtu akiaga kazi kwa adabu namna ile," akasema. "Unaondoka lini?"

Nikamwambia siondoki popote. Akashangaa. Kwa maelezo aliyopewa, nilisema kuwa zamani nilikuwa nikiwahi, zamani nilikuwa nikiipenda kazi, zamani nilikuwa nikimheshimu yeye Meneja, zamani tulikuwa familia, na sasa basi. Hapo kwenye heshima alikohoa. Cheo kapewa Manukato! Na meza yangu ya vipuri, kwa kuwa naondoka, ameahidiwa mpwa wa mtunza ghala.

Nimepewa nafasi moja. Kesho kutwa asubuhi nimpelekee Bibi Mkurugenzi sentensi moja ya Kifaransa, kwa mkono wangu, inayosema kwamba nabaki. Isipofika, mpwa anaingia.

Nilipotoka Manukato alikuwa ananingoja na pipi nyingine. "Andika 'je reste' tu, ndugu yangu," akaniambia. "Nabaki. Inatosha."

Je reste! Wakati uliopo! Nimeikataa sentensi. Pipi nimeichukua.

Jumanne, 18 Machi

Nilimkabili mwalimu. Akasema alieleza wazi: mazoea ya zamani, yaliyokwisha. "Nilikuwa nikipenda", wala si "hupenda". Nikamwambia kosa ni la cherehani. Akaniuliza kwa nini basi sikuuliza. Maswali ya kuudhi kama hayo sina muda nayo.

Lakini leo kafundisha kitu kipya, na mbele ya macho yangu mlango ukafunguka. Viishio ni vilevile! "-ais", "-ait", "-aient", ambavyo mimi nimeshavimudu kwa jasho. Safari hii huendi hata kubisha hodi kwa sisi. Unachukua kitenzi kizima na kukibandika. Mwalimu akasema huu ndio mtindo wa adabu, watu wastaarabu huutumia wanapozungumza na wakubwa. Akaongeza kuwa ni sawasawa na nge yetu... cherehani! Nimesikia nge tu. Yule mdudu anahusiana vipi na sarufi sijui, na mwenye shahada haulizi mara ya pili.

Niliondoka kabla ya wenzangu ili nimwahi Manukato ngazini, nikamjulisha kuwa somo la Alhamisi limehamishiwa Jumamosi.

Sentensi iko tayari, imo ndani ya bahasha, na kesho asubuhi itakuwa mezani kwa Meneja, amfikishie Bibi Mkurugenzi. Hakuna "je reste" ya kitoto humo. Nimeandika kwa adabu zote, kama anavyostahili mtu wa cheo chake: "Je resterais."

Nabaki.