Nestori na Basi la Mheshimiwa Asiyeamua

Sogeeni, enyi wana wa mtaa wa Iroquois kule Louisville mnaorudi kazini miguu imevimba, nanyi wasomi wa Columbus mliopanga vyumba kandokando ya chuo. Nyamazeni niwasimulie siku ambayo Nestori mwana wa Methodi, simba wa zamu ya mchana, mshika usukani wa Toyota iliyochakaa, alipambana na tajiri mtaa wa Grant, hapa kwetu Buffalo, akamshinda pasipo kumgusa hata ukosi.

Tajiri mwenyewe ni Mheshimiwa Hargrave, bwana wa magodoro, seneta wa zamani, aliyevihama vyama vyote viwili vikubwa vya Marekani kwa kuwa hakuna kilichomtaka. Swali lake lilikuwa moja: je, agombee urais akiwa mgombea binafsi, au asigombee? Alilitafakari Louisville mbele ya kamera. Akalitafakari Columbus, wanafunzi wakala sambusa zake wakaondoka. Sasa akaja kulitafakari kwetu, utadhani sisi hatuna kazi, na basi lake refu lenye picha ya uso wake likasimama ubavuni mwa gari la Nestori, likaziba njia kabisa.

Jueni basi hatari iliyomkabili shujaa. Msimamizi wake kiwandani alikuwa amekwisha kumwonya: akichelewa tena, asirudi. Na Fides mkewe alikuwa mjamzito, ameacha kazi. Nestori akamwendea dereva wa basi, akamwomba kwa adabu asogee kidogo. Dereva akasema hasogei mpaka Mheshimiwa amalize kuhutubia.

Na angemalizaje, ilhali mbele yake pana umati? Wasaidizi wake walikuwa wametandika meza na kuvaa vizibao vya rangi ya chungwa. Sisi tuliokulia kwenye kambi za wakimbizi Kigoma, tukiona meza na vizibao, tunajua ni mgao wa chakula. Tukapanga foleni hadi kwenye duka la nyama. Maskini mtu yule aliona foleni akadhani ni mapenzi.

"Wananchi," akanena kwenye kipaza sauti, "bado nawaza. Nawaza kwa ujasiri. Na nikimaliza kuwaza, nitawaza tena kwa ajili yenu."

Maneno matupu hayavunji mfupa, lakini yanavunja miguu ya waliosimama.

"Donc huyu baba hajue kama anataka ao hataki?" akauliza Généreuse, Mkongo muuza vitenge, aliyekuwa nyuma yangu. "Bon, anatukusanya juu ya nini?"

Hakuna aliyethubutu kuondoka, maana anayetoka kwenye foleni nafasi yake imekwenda. Saa nayo haikumngoja mtu. Nestori akalitazama basi, akautazama umati. Ndipo akakumbuka silaha ya wazee wetu wa kanisa, ambayo hakuna mkutano uliowahi kuistahimili. Akapanda ukingo wa barabara, akainua mkono, akanguruma kwa Kiswahili, lugha asiyoijua Mheshimiwa wala wasaidizi wake:

"Wapendwa, mgeni wetu tumemsikia, na ukimya wetu ameusikia. Hakuna lisilo na mwisho. Tufumbe macho, tufunge mkutano kwa maombi."

Mkristo wa Burundi au wa Kongo akiambiwa hivyo habishi. Kofia zikavuliwa, vichwa vikainama. Msaidizi akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba watu wanamwombea agombee. Naye, akizikumbuka kamera, akashusha kipaza sauti na kufumba macho.

"Baba wa mbinguni," akaomba Nestori, "mtu huyu ana nyumba, mrudishe nyumbani. Iongoze miguu yake hadi ndani ya basi, na basi uliongoze mbele, na mimi unifikishe kazini kabla mtoto wangu hajazaliwa kwa baba asiye na kazi. Amina."

"Amina," mtaa mzima ukaitika.

Na kwetu, sala ya kufunga ikishasemwa, mkutano umekwisha, hata kama nabii amebakiza neno. Tukapeana mikono, tukatawanyika. Mheshimiwa alipofumbua macho alikuta meza, vizibao na njiwa. Akapanda basi, basi likaondoka, na Toyota ikachomoka.

Waandikeni wote wawili katika historia ya Marekani: mmoja aliyetaka kuliongoza taifa na mpaka leo hajui kama anataka, na Nestori mwana wa Methodi, aliyetaka kufika kazini, akafika.